Daudi Dabasso Wabera: Mkuu wa Wilaya Aliyetangulia Vita na Neno Lililomfuata

Katikati ya jiji la Nairobi ipo barabara fupi iitwayo Wabera. Maelfu ya watu huipita kila siku wakielekea kazini, sokoni au msikitini, na ni dhahiri kwamba wengi wao hawajui iwapo jina hilo ni la mtu, la mto au la mji. Karibu na barabara hiyo imesimama Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambamo magazeti ya zamani ya Kenya yamehifadhiwa. Ujirani huo wa barabara na maktaba ni wa sadfa tu, lakini una mantiki yake. Wabera anayejulikana na taifa la Kenya ni Wabera wa magazetini, na katika magazeti maisha yake huanza siku ya kifo chake, tarehe 28 Juni 1963. Yaliyotangulia siku hiyo hutajwa kwa sentensi moja, nayo ni kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo.

Sentensi hiyo ni ya kweli, ila inahitaji kufafanuliwa, maana uzito wa cheo hicho hauonekani bila kuijua wilaya yenyewe. Isiolo ilikuwa mlango. Kusini mwake ilikuwapo Kenya ya mashamba, reli na shule. Kaskazini mwake lilianza eneo lililoitwa Wilaya za Mpaka wa Kaskazini, ambalo serikali ya kikoloni ililifunga tangu miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Ndiyo sababu kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru, mkazi wa kaskazini aliyesafiri kwenda Nanyuki au Nairobi alisema anakwenda Kenya, kana kwamba anavuka bahari.

Ndani ya mlango huo waliishi watu wa asili mbalimbali. Mjini Isiolo walikuwapo Wasomali waliotokana na askari wa zamani wa Kiingereza waliopewa makazi hapo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, pamoja na Wameru, Waturkana na wengineo. Mashariki, kwa kufuata mto Ewaso Ng'iro, walikaa Waborana, ambao waliingia kwa wingi katika bonde hilo katika miaka ya 1930. Wao huliita bonde hilo Waso, na wenyewe hujulikana kama Waborana wa Waso. Mto huo unapoendelea kushuka hupita Merti, kisha hukaribia Sericho, na hatimaye humezwa na kinamasi cha Lorian. Sericho basi ni mahali maji yanapokaribia kuisha, na pia ni mahali malisho ya Waborana yanapokutana na malisho ya Wasomali. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilichora mstari wa kutenganisha malisho ya jamii hizo mbili. Mstari ulikaa kwenye ramani. Ng'ombe na ngamia waliufuata ukame na mvua.

Wabera alikuwa mwana wa kaskazini hiyohiyo. Alizungumza Kiborana, lugha ambayo wakuu wa wilaya waliomtangulia, wote wakiwa Waingereza, waliisikia kupitia vinywa vya wakalimani. Jambo hili halijapewa nafasi linayostahili katika habari zake. Utawala wa kikoloni katika maeneo ya ukame ulitegemea mambo mawili: bunduki ya askari na mkutano wa hadhara chini ya mti. Katika mkutano huo mkuu wa wilaya alisema maneno machache, mkalimani akayageuza, wazee wakajibu kwa maneno mengi, na mkalimani akayafupisha. Mkuu wa wilaya anayejua mwenyewe lugha ya wazee ni kiongozi wa aina nyingine kabisa. Hawezi kufichwa jambo, wala hawezi kujificha nyuma ya mkalimani. Wabera aliteuliwa wakati serikali ilipokuwa na haja kubwa ya mtu wa namna hiyo, na haja hiyo ndiyo iliyomwua.

Ili kuielewa haja hiyo inafaa kurudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Julai 1960, Somalia ya Kiingereza na ile ya Kiitalia ziliungana kuwa Jamhuri ya Somalia. Bendera ya taifa hilo jipya ilikuwa na nyota moja nyeupe yenye pembe tano. Pembe mbili ziliwakilisha nchi mbili zilizoungana, na tatu zilizosalia ziliwakilisha ardhi zilizokuwa bado nje: Jibuti, Ogaden iliyokuwa Ethiopia, na kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo mgogoro baina ya majirani hawa wawili ulikuwa umekwisha kuandikwa kitambaani kabla Kenya haijapata uhuru. Kaskazini mwa Kenya vilizuka vyama vya siasa vilivyodai kujitenga na kujiunga na Somalia. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, kuchunguza maoni ya wenyeji. Tume ilikuta kwamba Wasomali, ambao ndio waliokuwa wengi, walitaka kujitenga. Katika wilaya kama Isiolo na Moyale maoni yalikuwa yamegawanyika. Wapo Waborana Waislamu walioona kwamba udugu wa dini unawavuta upande wa Somalia, na wapo walioona kwamba kuwa chini ya Mogadishu ni kumpa jirani ushindi katika ugomvi wa zamani wa visima.

Mwezi Machi 1963 Uingereza ilitangaza kwamba eneo hilo lingebaki ndani ya Kenya. Wasomali wengi wangewekwa katika jimbo jipya la Kaskazini Mashariki, ilhali Isiolo, Marsabit na Moyale zingeingizwa katika jimbo la Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Uchaguzi wa Mei 1963 ulisusiwa na Wasomali wa kaskazini. Tarehe 1 Juni Kenya ikapata madaraka ya ndani, Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Hii ndiyo hali aliyoikuta Wabera mezani kwake: wilaya iliyogawanyika, mpaka usiokubaliwa na jirani, na serikali changa ambayo ulinzi na mambo yake ya nje yalikuwa bado mikononi mwa gavana Mwingereza.

Katika kazi hiyo alikuwa na mshirika ambaye jina lake halistahili kuachwa nyuma. Huyu ni Haji Galma Dida, chifu mkuu wa Waborana wa Waso. Galma Dida alikuwa Mborana, alikuwa Mwislamu, alikuwa amehiji, na alishikilia kwamba watu wake wabaki Kenya. Mtu mmoja aliyekusanya sifa hizo zote alikuwa kikwazo kikubwa kwa hoja kwamba kila Mwislamu wa kaskazini ni mtu wa Somalia. Kwa upande wake Wabera alikuwa kikwazo kwa hoja ya pili, kwamba serikali ya Kenya ni serikali ya watu wa kusini. Wawili hawa walipotembea pamoja, hoja mbili za wanaotaka kujitenga zilipingwa kwa kuonekana kwao tu, hata kabla hawajafungua vinywa.

Walifunga safari mwishoni mwa Juni kuelekea upande wa Modogashe, kule wilaya za Isiolo, Garissa na Wajir zinakokaribiana, si mbali na Sericho. Lengo la safari lilikuwa kuzungumza na watu na kuwashawishi wasiwaunge mkono waliotaka kujitenga. Tarehe 28 Juni 1963 walipigwa risasi wakafa wote wawili. Waliotajwa kuwa wauaji walikuwa Wasomali wawili, nao walivuka mpaka wakaingia Somalia. Zilikuwa zimepita siku 27 tu tangu Madaraka.

Hapa ndipo maisha ya Wabera yanapomalizikia, na pia ndipo magazeti yanapoyapokea. Ni muhimu kutaja magazeti hayo yalikuwa yapi. Kwa Kiingereza palikuwapo East African Standard, gazeti kongwe lililoanzishwa mwanzoni mwa karne na lililozoea kuwasemea walowezi, na Daily Nation lililoanza mwaka 1960. Kwa Kiswahili palikuwapo Baraza, lililokuwapo tangu 1939 chini ya kampuni ya Standard, pamoja na Taifa Leo, lililotolewa na kampuni ya Nation. Yote yalichapishwa Nairobi. Yote yaliandika kuhusu eneo ambalo kuingia kwake kulihitaji kibali cha serikali. Kwa hiyo mwandishi wa habari aliyetaka kujua yaliyotokea Modogashe, Sericho au Garba Tulla alitegemea kwa sehemu kubwa taarifa iliyotolewa na ofisi ya serikali, na taarifa hiyo ilikuja na msamiati wake tayari.

Neno kuu katika msamiati huo ni shifta. Asili yake ni Ethiopia, na huko lilikuwa na sura mbili. Shifta alikuwa mnyang'anyi wa njiani, lakini pia alikuwa mtu wa hadhi aliyekataa kumtii mtawala, akakimbilia nyikani na kungoja wakati wake. Mfalme Tewodros wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1855, alianza kama shifta. Kwa hiyo katika nchi ya asili yake neno hilo liliweza kubeba lawama na sifa kwa pamoja. Lilipovuka mpaka na kuingia Kenya, sura ya pili ilidondoka njiani. Katika Kiingereza cha serikali na Kiswahili cha magazeti likabaki na maana moja tu: mhalifu mwenye bunduki, mwizi wa mifugo, asiye na madai wala kiongozi.

Kwa mwanafunzi wa sarufi neno hili lina jambo jingine la kutazamwa. Katika Kiswahili hutumika bila kubadilika kwa umoja na wingi, na hutumika pia kwa kiambishi ma-, yaani mashifta. Ngeli hii ya wingi wa ma- ndiyo inayokusanya majambazi, majangili, mahabithi na, katika miaka ya karibuni, magaidi. Si kwamba kila kilichomo katika ngeli hiyo ni kibaya. Madaktari na mashujaa wamo pia. Hata hivyo neno la kigeni lisilofungamana na mzizi wowote wa Kiswahili likiwekwa hapo hupokewa haraka kwa maana ya kundi lisilo na sura. Msikilizaji wa Kakamega au wa Lamu hakuwa na neno jingine la kulilinganisha nalo. Mwasi ana anayemwasi, na mpiganaji ana anachopigania. Shifta hana yambwa. Ukilitamka, swali la kwa nini limekwisha kufungwa.

Hii ilikuwa na faida ya kisiasa iliyo wazi. Vita baina ya nchi mbili jirani huhitaji kutajwa kwa nchi zote mbili, na vikitajwa hivyo huwapa wapiganaji hadhi na huzipa nchi nyingine sababu ya kusuluhisha. Serikali ya Kenya haikutaka mpaka wake ujadiliwe. Kwa hiyo ilishikilia mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kwamba wanaoshambulia ni wahalifu wa kawaida, na kwamba wanapata silaha na mafunzo kutoka Somalia. Neno shifta liliwezesha yote mawili kukaa katika habari moja. Katika aya ya kwanza ni wezi, katika aya ya mwisho ni mkono wa dola ya kigeni. Mara tu baada ya uhuru Kenya ilikuwa na mkataba wa ulinzi wa pamoja na Ethiopia, na ni wazi kwamba nchi mbili hazifungi mkataba wa namna hiyo kwa kuwahofia wezi wa ng'ombe.

Upande wa pili nao ulikuwa na lugha yake. Redio Mogadishu ilirusha matangazo yaliyowalenga watu wa kaskazini mwa Kenya, ambamo watu walewale walioitwa shifta Nairobi walikuwa wapigania uhuru, na ardhi iliyoitwa Kenya ilikuwa sehemu ya nchi inayongojea kurudi kwao. Lugha hiyo haikuwa safi zaidi. Katika nyota ya pembe tano hapakuwa na nafasi ya Mborana kama Galma Dida, aliyekuwa Mwislamu na bado hakuitaka Somalia. Kwa lugha ya Mogadishu mtu kama yeye alikuwa kibaraka au hakuwapo kabisa. Hivyo wawili waliouawa Modogashe walikuwa wamesimama mahali ambapo lugha zote mbili hazikuwa na neno la kuwataja.

Baadaye magazeti ya Kenya yalimpatia Wabera neno. Alikuwa shujaa, na mara nyingi huitwa mhanga wa kwanza wa vita vya shifta. Maelezo hayo yana heshima ndani yake, lakini yanabeba kosa la kalenda lisilosemwa. Wabera aliuawa miezi mitano na ushei kabla ya uhuru wa Desemba 12. Hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki ilitangazwa mwishoni mwa Desemba 1963. Sheria iliyopitishwa mwaka 1970 kuwakinga askari na maafisa dhidi ya mashtaka inahesabu kipindi kinachohusika kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967. Kwa hesabu ya dola, basi, mauaji ya Modogashe yako nje ya vita. Kwa hesabu ya magazeti ndiyo yaliyovianzisha. Tofauti hii si ndogo. Mwandishi anapoanza hadithi ya vita kwa kifo cha Wabera, huanza na risasi ya upande mmoja, na kila kitakachofuata kitasomeka kama jibu. Akianza na tangazo la Machi 1963, au na kufungwa kwa wilaya hizo wakati wa ukoloni, hadithi hubadilika, ingawa waliokufa ni walewale.

Wala haipasi kudhani kwamba neno shifta lilikuwa uzushi mtupu. Wapo watu waliovamiwa usiku, wapo walionyang'anywa mifugo, na baadaye yalitegwa mabomu barabarani ambayo hayakumchagua askari wala raia. Mhariri wa Nairobi aliyepokea habari za vifo hivyo hakuwa na sababu ya kuwaita waliofanya hivyo kwa jina la heshima. Tatizo la neno hilo halikuwa katika kuwataja waliobeba bunduki. Tatizo ni kwamba lilikuwa na mipaka iliyolegea, likaenea kutoka kwa mwenye bunduki hadi kwa ndugu yake, kutoka kwa ndugu hadi kwa kabila, na kutoka kwa kabila hadi kwa yeyote aliyekutwa malishoni.

Kuenea huko kunaonekana vizuri katika habari za Waso. Mwaka 1966 kanuni za hali ya hatari zilihusisha Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya zinazopakana nayo, Isiolo ikiwamo. Wafugaji waliamriwa kukusanyika katika vijiji vilivyolindwa na askari, kama vile Garba Tulla, Merti na Modogashe. Aliyekutwa nje ya eneo lililoruhusiwa aliweza kuhesabiwa shifta. Mfugaji wa Sericho ambaye maisha yake yote ni kufuata majani hakuweza kutii amri hiyo bila kupoteza mifugo, na hakuweza kuikiuka bila kuwa adui. Mifugo mingi ilikufa ndani ya vijiji kwa kukosa malisho, na mingine ilipigwa risasi au kutwaliwa. Watu waliokuwa matajiri kwa kipimo chochote cha kaskazini walitoka huko wakiwa maskini, wengine wakaingia mjini Isiolo kutafuta vibarua. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliyarejelea mateso ya kipindi hicho kwa kirefu.

Waborana wa Waso hawakukiita kipindi hicho vita vya shifta. Wao hukiita Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa, au wakati wa kuzuiwa. Ukiyaweka majina haya mawili kando kwa kando, tofauti ya mtazamo hujitokeza bila kuhitaji nadharia. Jina la magazeti linamtaja mtenda uovu na kuacha waliotendewa. Jina la wafugaji halimtaji mtu yeyote. Linataja kilichotokea kwa miguu, ya watu na ya wanyama, iliyozuiwa kutembea. Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba watu waliokusanywa vijijini kwa tuhuma za kuwa shifta ndio watu wa Haji Galma Dida, chifu aliyeuawa kwa kuwataka wabaki Kenya. Wabera alikuwa mkuu wao wa wilaya. Waliouawa pamoja wakageuzwa kuwa sababu ya kuadhibiwa kwa wale waliokuwa wamekwenda kusema nao.

Upande huu wa habari unafaa kulinganishwa na vita vingine vya majirani vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Majeshi ya Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, redio na magazeti ya Tanzania, Uhuru likiwa mbele, yalimfungia Idi Amin jina la nduli. Ni neno kali, la Kiswahili cha zamani, lenye maana ya muuaji mkatili. Lakini lilikuwa na mwenyewe. Nduli alikuwa mtu mmoja, na Waganda hawakuitwa manduli. Msomaji wa Tanzania aliweza kumchukia nduli na wakati huohuo kuamini kwamba vijana wake wamekwenda kuwasaidia majirani. Kampala ilipochukuliwa mwezi Aprili 1979 na Amin akakimbia, neno likakimbia naye. Hoja si kwamba magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa huru au yenye haki kuliko ya Nairobi; Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na halikujifanya vinginevyo. Hoja ni ya umbo la neno. Neno lililofungwa kwa mtu huisha na mtu huyo. Shifta halikufungwa kwa mtu, na miaka mingi baada ya vita mtoto wa Isiolo aliyekwenda kusoma kusini aliweza kuitwa hivyo na wenzake darasani, hata kama babu yake alikuwa chifu wa serikali.

Kwamba maneno yalihesabiwa kuwa silaha hakukuwa siri kwa waliopigana. Mwezi Septemba 1967, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kinshasa, Kenya na Somalia zilikubaliana kutafuta suluhu. Tarehe 28 Oktoba 1967 mjini Arusha, Rais Kenneth Kaunda akiwa msuluhishi, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Haji Ibrahim Egal, walitia saini makubaliano. Pamoja na mambo ya mpaka na uhusiano wa kibalozi, pande hizo mbili zilikubali kuacha propaganda ya uhasama dhidi ya kila mmoja katika redio na magazeti. Ni nadra kwa mkataba wa kusimamisha mapigano kuitaja lugha kwa uwazi kiasi hicho. Redio zikapoa. Neno shifta halikutajwa katika kifungu chochote cha kuacha kutumiwa, likaendelea na kazi. Hali ya hatari kaskazini haikuondolewa hadi Novemba 1991, miaka 24 baada ya Arusha. Katika kipindi hicho chote habari fupi za mauaji ya barabarani au wizi wa mifugo ziliweza kuandikwa kwa neno lilelile, na kwa upande wa Turkana na Pokot likaongezeka jingine, ngoroko, ambalo nalo halikuuliza kwa nini.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia, mara hii mchana na kwa tangazo. Operesheni yenyewe ilipewa jina la Kiswahili, Linda Nchi. Maneno ya magazeti yalikuwa mengine, magaidi na wanamgambo, na adui aliyetajwa alikuwa kundi la al-Shabaab wala si serikali ya Somalia. Hata hivyo msomaji aliyeifahamu habari ya 1963 aliweza kutambua lile swali la zamani: neno hili linakomea kwa nani? Wakazi wa Eastleigh na wa Garissa walilijibu kwa uzoefu wao katika misako ya polisi iliyofuata, hasa ile ya Aprili 2014, ambapo watu wengi walikusanywa Nairobi na kuwekwa katika uwanja wa Kasarani.

Katika hayo yote Wabera amebaki na heshima yake na upungufu wake. Heshima iko kwenye bango la barabara. Upungufu ni kwamba magazeti yanapomkumbuka humkumbuka kama ushahidi dhidi ya adui, si kama mtawala aliyekuwa na njia yake ya kutawala. Njia hiyo ilikuwa kwenda mwenyewe, akiwa na mzee anayeaminika, kuwaendea watu waliokuwa na shaka na kusema nao kwa lugha yao. Haikupewa muda wa kushindwa wala kufaulu. Waliomfuata serikalini walitumia njia nyingine, ya vijiji vya ulinzi na marufuku ya kutembea, na jina lake likatumika kuihalalisha njia hiyo, ilhali yeye aliuawa akiifuata iliyo kinyume chake.

Mwaka 2013, utawala wa kaunti ulipoanza, Isiolo iligawanywa katika wadi kumi. Moja, iliyo mjini, inaitwa Wabera. Nyingine, iliyo mbali mashariki kwenye mwisho wa mto, ni Sericho. Wawakilishi wa wadi hizo mbili huketi katika bunge moja la kaunti, na kati ya mambo yaliyolifikisha mezani mara kwa mara ni mpaka wa Isiolo na Garissa kule Modogashe.